Kitana chenye haraka humaliza nywele za mtoto

Ukipita mitaani mjini Machakos Jumapili jioni, iwe ni Katoloni au Mumbuni, huenda ukasikia mtoto wa kike akilia kwa uchungu nyuma ya nyumba. Usikimbie kumwokoa. Hapigwi. Anachanwa nywele, kwa kuwa kesho ni Jumatatu na shule inamngoja. Mama ameketi kwenye kigoda, kichwa cha mtoto amekibana katikati ya magoti, na kila mtoto akijaribu kujitoa anaambiwa atulie, urembo una uchungu wake.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasemao hivyo. Leo, msomaji, nataka nikueleze kwa nini nimeacha, na kwa nini nakusihi nawe uache.

Mpwa wangu, binti ya kaka yangu, alikuja kukaa kwangu akiwa na umri wa miaka saba. Mama yake ni Msomali, na mtoto alirithi nywele za mama: za singa, ndefu hadi katikati ya mgongo, nyembamba kama uzi wa buibui. Mtaa mzima ulizisifu. Sokoni wanawake walizishika bila hata kuomba ruhusa. Lakini katika nyumba yetu hakuna aliyejua kuzichana, nami nikiwa wa kwanza. Nywele nilizozijua ni zangu mwenyewe, ambazo ni za kipilipili, na hata hizo nilizijua kwa njia ya kuchanwa kwa nguvu utotoni. Basi nilichukua kitana chenye meno ya karibu karibu, nikaanzia utosini, nikavuta kwenda chini. Mtoto alilia. Nilimwambia nywele laini ni nywele za maringo.

Nilipochoka nilimpeleka saluni. Msusi, ambaye sitamtaja, alimsuka misuko myembamba akaikaza mpaka nyusi zikapanda, akaniambia kwamba nywele laini huteleza na zisipobanwa hazikai siku tatu. Nilimlipa nikamshukuru. Tulirudi kwake mara kadhaa. Haikupita miezi minne nikaona ngozi iking'aa kwenye mapanja ya mtoto, kushoto zaidi kuliko kulia. Mtoto wa miaka saba alikuwa ameanza kuota upara.

Daktari wa ngozi hakuniandikia dawa nyingi. Aliniuliza maswali mawili tu: nani anamchana, na anaanzia wapi. Nilipojibu, alitikisa kichwa.

Ili uelewe kosa langu, ni lazima kwanza uujue unywele wenyewe. Umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na nje umefunikwa kwa magamba madogo sana yaliyolaliana kama vigae vya paa, ncha za magamba hayo zikielekea nchani mwa unywele. Shika unywele mmoja mrefu, upitishe katikati ya vidole kutoka kwenye mzizi kwenda nchani: utateleza. Ukirudisha vidole kinyume utahisi unakwaruza kidogo. Nywele zinaposuguana juu ya mto usiku kucha, au zikioshwa kwa kufikichwa kama shati, magamba hayo husimama na kunasana na ya jirani. Hapo ndipo fundo huzaliwa. Na unywele ukiwa mwembamba, nguvu ya kuukata ni ndogo kuliko ile inayohitajika kuukata mnene. Hili si suala la maringo. Ni sawa na uzi wa cherehani ukilinganishwa na kamba ya katani.

Sasa tazama anachofanya mtu anayeanzia utosini. Kitana kinashuka na fundo dogo la kwanza, kinalisukuma hadi kwenye la pili, na hayo mawili kinayapeleka kwa la tatu. Yaliyokuwa mafundo kumi madogo yanakuwa fundo moja kubwa kama kokwa la embe, tena liko chini kabisa mahali ambapo nywele ni nzee na zimechakaa. Kisha tunavuta. Kitu kimoja kati ya viwili ni lazima kitokee: ama unywele ukatike, ama uchomoke na mzizi wake. Mtoto hulia kwa sababu hii.

Ukitaka kujua kama nawe unaharibu, chukua kitana ulichotumia leo uzitazame nywele zilizobaki. Kila mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na hizo hazina neno. Unywele uliodondoka kwa wakati wake ni mrefu na una kijitone cheupe upande wa mzizi. Lakini ukikuta vipande vifupi vifupi visivyo na kijitone hicho, jua hizo zilikatika mikononi mwako.

Namna niliyofundishwa, na ambayo naifuata hadi sasa, ni kuanzia chini. Nazigawa nywele sehemu nne na kuzibana tatu pembeni ili zisijichanganye. Ile ya nne naipaka matone machache ya mafuta ya nazi yaliyosuguliwa viganjani, kisha natangulia kwa vidole, kwani vidole vina macho ambayo kitana hakina. Ndipo nachukua chanuo la meno mapana. Mkono wa kushoto unazishika nywele kwa nguvu juu kidogo ya mahali ninapochana, na hili naomba ulishike kuliko mengine yote, ili mvuto uishie kwenye mkono wangu na usifike kwenye ngozi ya kichwa. Naanza upana wa vidole vitatu kutoka nchani. Pakishalainika napanda vidole vitatu vingine, na vivyo hivyo mpaka utosini. Fundo likikataa silivuti. Nalitia tone la mafuta, nalitanua kutoka pembeni kwa ncha butu ya sindano ya kufumia, unywele baada ya unywele. Mara moja tu katika muda wote huu nimelazimika kutumia makasi, na nilikata fundo lenyewe bila kugusa nywele za pembeni.

Siku ya kwanza kazi hiyo ilichukua saa nzima. Siku hizi ni robo saa, tena mtoto akisoma kitabu chake.

Kuhusu mafuta, maduka yetu yamejaa chupa za kila rangi, na wengi wetu hupenda yale yanayong'aa na kunukia, ambayo aghalabu hutokana na petroli. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya petroli, wakaona ni ya nazi peke yake yaliyopunguza sana upotevu wa protini kwenye nywele, kwa kuwa hupenya ndani badala ya kukaa juu juu tu. Nazi si zao la Ukambani, lakini mafuta yake yanafika hapa kutoka Pwani. Yatumie kidogo. Nywele laini zikizidishiwa mafuta hulegea na kukusanya vumbi, na vumbi la Machakos wakati wa kiangazi sina haja ya kukusimulia.

Hapa kuna jambo ambalo huvuruga nyumba nyingi. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kwamba mwenye nywele za singa aziache zikauke kidogo baada ya kuoshwa kabla ya kuzichana, kwa kuwa unywele uliolowa hunyooka kama mpira uliochoka na kukatika upesi. Lakini mwenye nywele za kipilipili hushauriwa kinyume chake: azichane zingali na unyevu, kwa kuwa zikikauka kabisa hujikunja na kushikana, na kitana huzivunja. Nyumba yenye mama wa kipilipili na mtoto wa singa, au kinyume, haiwezi kuwa na desturi moja ya kuchana. Mimi nilikuwa nikimwosha mpwa wangu na kumchana papo hapo maji yakitiririka, kwa sababu ndivyo ilivyonifaa mimi.

Najua, msomaji, una swali la maji. Magazeti ya mitindo hukuambia uoshe nywele kwa maji mengi, usuuze, urudie. Waandishi hao hawajawahi kununua maji kwa mtungi. Isitoshe, maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvichumvi, sabuni ya kipande haitoi povu ndani yake, na badala yake huacha utando mweupe juu ya nywele. Utando huo huzifanya zikwaruze na kushikana zaidi. Ushauri wangu ni huu: maji ya mvua yakiwa kwenye tangi, tenga ndoo moja iwe ya nywele. Lita tano zinatosha kichwa cha mtoto ukimwagia kwa kikombe polepole, nywele zikining'inia chini wala zisirundikwe utosini na kufikichwa. Mara moja kwa wiki inatosha. Fauka ya hayo, msuke mtoto msuko mmoja uliolegea kabla hajalala na umfunge kitambaa cha satini kichwani. Mafundo mengi ya asubuhi hutengenezwa na foronya ya pamba.

Kuna wale watakaoniambia kwamba haya yote ni usumbufu na dawa yake ni kinyozi. Nyanya yake mtoto alisema hivyo siku ya kwanza alipoona tunavyohangaika. Shule nyingi za Kenya nazo hutaka wasichana wawe na nywele fupi, na mzazi huona bora amalize mambo mapema. Sipingi kunyoa. Mama anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, asiye na maji wala msaidizi, akimnyoa binti yake hakuna wa kumlaumu, na nywele zilizonyolewa hurudi. Ninachokataa ni kumnyoa mtoto kama adhabu ya kulia, kisha kumwambia nywele zake ndizo mbaya. Mwenye kosa alikuwa mimi na kitana changu.

Na kuna nywele ambazo hazirudi. Upara wa kuvutwa si jambo la leo. Mwaka 1907 ulielezwa kwa mara ya kwanza kitabibu kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza sana utosini, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ni ugonjwa wa Mwafrika. Lakini nasi tunao kwa wingi. Huko Cape Town, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi wao: karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliowakagua, na takriban msichana mmoja kati ya sita shuleni, walikuwa nao. Hao wengi wao walikuwa na nywele za kipilipili zilizosukwa kwa kukazwa au kutiwa dawa ya kunyoosha. Ukigunduliwa mapema na mvuto ukakoma, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miaka, ngozi huweka kovu na mzizi hufa. Vipele vidogo kwenye ukingo wa paji, maumivu ya kichwa usiku baada ya kusukwa, mtoto asiyeweza kulaza kichwa kwenye mto: hizo ni dalili za kufumua misuko usiku huo huo, hata kama umelipa jana. Wasusi wetu wasinichukie. Mteja ndiye anayedai misuko ikae mwezi mzima.

Kabla sijaweka kalamu chini, nizungumzie mtoto ambaye nywele zake hazikuwa laini tangu kuzaliwa bali zimekuwa laini. Katika miaka ya ukame hapa Ukambani, wauguzi huwajua watoto hawa kwa kuwatazama tu. Nywele hupoteza weusi, hugeuka rangi ya kahawia au wekundu, huwa nyembamba na chache, na ukizivuta kidogo huchomoka bila mtoto kuhisi maumivu. Baadhi ya majirani husifu kwamba mtoto ana nywele za Kizungu. Huyo anaweza kuwa ana utapiamlo, ule uitwao kwashiorkor, ambao Dkt. Cicely Williams aliueleza katika miaka ya 1930 alipofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Miguu ikivimba na mtoto akawa mnyonge asiyetaka kucheza, usinunue mafuta wala chanuo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, nywele zikikatika kwa madoa ya duara yenye magamba na mwasho, hayo huenda yakawa mapunye. Mapunye ya kichwani huhitaji vidonge vya hospitali, kwa kuwa mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mizizi. Na chanuo la mtoto huyo lisiguse kichwa cha mwingine.

Mpwa wangu sasa ana miaka minane na nusu. Likizo ya Desemba nyanya yake alikuja, akamketisha kwenye kigoda na kuanza utosini kama ilivyo desturi yake. Mtoto alilichukua chanuo mkononi mwake kwa adabu, akaligeuza, akasema, "Nyanya, anzia chini." Wote wawili walikaa hapo uani mpaka giza likaingia. Panja la kulia limejaa. La kushoto bado lina uwazi wa upana wa kidole kimoja, na daktari ametuambia tumrudishe baada ya miezi mitatu alitazame tena.