Tieni majani kwenye tui: barua kwa ndugu zangu wa Bagamoyo

Ndugu zangu wa Dunda, Magomeni, Kaole na Mlingotini,

Nawaandikia kutoka London kuhusu jambo la jikoni, na nawaomba msilione dogo. Kila tukipigiana simu ya video wakati wa kula, naona wali na changu wa kukaanga, au ugali na dagaa, na kachumbari kiduchu. Mchicha ukiwepo, umetengwa kwenye bakuli lake na watoto hawaugusi.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Malaria na minyoo inachangia, lakini chakula nacho kina sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa vijiko viwili vya kachumbari hatufiki.

Ombi langu ni moja: msigombane na mtoto juu ya bakuli la mchicha. Majani yatieni ndani ya chakula anachokipenda tayari. Upishi wetu wa pwani unaliweza hilo kuliko upishi mwingi ninaouona huku. Mafuta ya tui ndiyo yanayousaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye majani, karoti na boga. Ndimu tunayokamulia samaki inausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hayo hayo. Chai ya rangi inayazuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya kula.

Anzeni na mchuzi wa samaki. Nyanya, karoti, bilinganya na hoho zikaangwe na kitunguu mpaka zilainike, zipondwe kwa mwiko ziwe rojo, ndipo tui liingie. Mtoto ataona mchuzi mzito, basi. Maharage ya nazi yakikaribia kuiva, tieni majani ya maboga au matembele yaliyokatwa membamba. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yaingie dakika za mwisho, na maji yake yasimwagwe. Unga wa chapati ukandwe kwa boga lililochemshwa na kupondwa. Chapati zinatoka laini, zina rangi nzuri. Katlesi za samaki zikunieni karoti. Nyama ya sambusa ichanganyeni na kabichi iliyokatwa ndogondogo.

Kisamvu nacho kirudi mezani siku za kawaida. Huku tunakinunua kimegandishwa, kwenye maduka ya Waafrika, ambako Wakongo wanakiita pondu, na tunakilipia kwa paundi. Kwenu kiko nyuma ya nyumba. Kitwangeni kwenye kinu, kichemsheni vizuri mpaka kiive kabisa, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu, kisha kiungeni kwa nazi na karanga. Watoto wanaokataa mchicha wengi wanakikubali hiki.

Sisemi muwadanganye watoto. Akiuliza kuna nini kwenye mchuzi, mwambieni, tena akiwa ameshaula na kuufurahia. Mpeni mwiko akoroge, mtumeni akachume matembele. Mtoto aliyelichuma jani haliogopi.

Kinachoniuma zaidi ni kusikia kwamba majani ni chakula cha asiye na kitu, na kwamba mgeni akija yafichwe. Matembele yanaota kwenye unyevunyevu wa bombani, mlonge unasimama uani mwaka mzima, na bado tunawanunulia watoto soda na biskuti kwa fedha ambayo ingetosha mafungu kadhaa ya mchicha. Majani si alama ya dhiki. Ni damu ya mtoto.

Kina mama, mama lishe wa soko la samaki na wa stendi, nanyi kina baba mnaotoa pesa ya matumizi: wiki hii chagueni chakula kimoja tu mnachokipika kila siku, mkitie majani. Wiki ijayo ongezeni kingine. Msingoje mtoto aumwe ndipo daktari awaambie.

Ndugu yenu,
London