Wastani wa mabao usiwazuge mashabiki

Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki vijiweni hulishwa namba moja tu: "Huyu straika ana wastani wa mabao mawili kwa mechi." Basi, shangwe. Nani ameuliza mabao hayo yalipatikana mechi zipi?

Oleg Salenko wa Urusi ndiye somo lenyewe. Kombe la Dunia 1994 kule Marekani alicheza mechi tatu, wastani wake mabao mawili. Kwa Brazil alitoka kapa. Kwa Sweden alifunga 1, la penalti. Je, Cameroon aliwatupia mangapi? Hesabu haihitaji profesa: 2 mara 3 ni 6, toa 1, yanabaki 5. Mechi moja imebeba karibu kila kitu!

Sasa yapange kwa mstari: 0, 1, 5. Namba ya katikati ni 1. Hata angewafunga Cameroon 10, wastani ungepaa, lakini ya katikati ingebaki 1 ileile.

Salenko aligawana kiatu cha dhahabu na Hristo Stoichkov wa Bulgaria, na mabao sita si mchezo. Lakini baada ya fainali zile hakuichezea tena Urusi.

Klabu inayomwaga mamilioni kwa kuangalia wastani pekee inacheza kamari. Wakala akija nao, viongozi wamdai orodha, mechi kwa mechi. Akificha namba moja, waitafute wenyewe. Ligi ni ndefu, na Cameroon ile ya 1994 haiji kila wiki.