Kufuli Lisilosomeka

Ruta ya nyumbani ni mlango, na neno la siri ndilo kufuli lake. Wengi wetu huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka wa 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka maelfu ya ruta na kamera kwa kujaribu maneno kama hayo. Je, tuulaumu uzembe pekee? Mimi, mwanaisimu, nawalaumu pia waandishi wa maelekezo. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi nchini, ilhali maelekezo ya kifaa hiki mara nyingi ni ya Kiingereza. Wauzaji na watuandikie waziwazi: badilisha neno la siri la usimamizi, chagua WPA2 au WPA3, sasisha programu. Asiyeelewa onyo atalitii vipi?