Saa ya Mama na Saa ya Mtumishi



Dada mmoja afanyaye kazi ya nyumbani huko Lavington, naye hulala humo humo kwa tajiri wake, alituuliza bei ya saa ya mkononi ya mama mwenye nyumba. Ameambiwa asiiguse, hata kwa kuifuta vumbi.

Saa ile ni Rolex ya kike, iitwayo Lady-Datejust, iliyoanza kuuzwa mwaka 1957. Ikiwa mpya, hata ile ya chuma, haipatikani chini ya dola 6,000. Kwa shilingi 129 kila dola, hizo ni Shs. 774,000/-. Amri ya Mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 ilisema mtumishi wa nyumbani hapa Nairobi asilipwe chini ya Shs. 16,113/75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Pigeni hesabu: ni mshahara wa miezi 48, bila kula wala kununua sabuni.

Wako watakaosema hii ni husuda. Sivyo. Mwenye mali yake na avae apendavyo, na saa yenyewe ni kazi nzuri ya mafundi, wafanya kazi kama sisi. Haina betri wala haitiwi ufunguo. Hupata nguvu kwa kutikisika mkono wa mvaaji. (Kama ni hivyo, katika nyumba ile twaujua mkono ufaao kuivaa!) Tena ina kidirisha cha tarehe, ingawa mwisho wa mwezi huwapita matajiri wengi bila kuuona.

Shauri letu si saa ya mkononi, ni saa ya kazi. Dada yule huamka saa kumi na moja unusu alfajiri kuwatayarisha watoto wa shule, na huosha sahani za mwisho saa tatu usiku. Ondoeni saa mbili za kupumzika, zabaki 13 na nusu. Kwa siku sita ni saa 81. Amri yasema 52. Zile 29 zilizozidi zapasa kulipwa, kila moja kama saa moja na nusu. Hajalipwa hata moja. Alipouliza, alijibiwa kwamba kupika chakula cha jioni si kazi, ni kusaidia nyumbani.

Na sisi tuna kosa letu: hatuandiki. Tajiri akiitwa mbele ya afisa wa kazi husema mtumishi hulala mchana kutwa, nasi hatuna karatasi ya kumjibu. Saa ya plastiki yapatikana River Road kwa shilingi mia chache. Nunueni hiyo pamoja na daftari, mwandike saa ya kuanza, ya kupumzika na ya kumaliza, kila siku, kwa kalamu ya wino. Ninyi wa Kangemi na Kawangware mwendao kwa miguu hadi Westlands na Kileleshwa, fanyeni vivyo hivyo. Aliyejaza wiki nne amletee katibu wa tawi daftari lake.

Dada wa Lavington alianza Jumatatu.