Mficha Maradhi Shambani

Muhogo umesingiziwa kuwa chakula cha wasio na kitu, na kwa singizio hilo umenyimwa elimu. Mkulima wa mbatata huambiwa achague mbegu na apige dawa. Mkulima wa muhogo wa Ganze au Magarini huambiwa achome pingili ardhini, kisha angoje. Msomaji, nasema kwamba dharau hii ni mbaya kuliko maradhi yenyewe, na wewe uliyepata bahati ya kusoma huna haki ya kuirithi.

Tazama kwanza yaliyowapata wengine. Mwaka 1845 maradhi ya bakajani yaliingia katika mashamba ya mbatata ya Ireland. Majani yalisawijika, viazi vikaoza, na kwa kuwa maskini wa nchi ile hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea, watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata. Wako waliosema ni ghadhabu ya Mungu, na wako waliosema ni hewa mbaya. Mwaka 1846 kasisi wa Uingereza, Miles Joseph Berkeley, aliandika kwamba sababu ni kiumbe kidogo mfano wa kuvu kinachokula jani, wengi walimkataa. Ukweli wa neno lake ulithibitishwa mwaka 1861 na Mjerumani Anton de Bary. Elimu haikuwafufua waliokufa, lakini iliwaonyesha walio hai mahali pa kumtafuta adui.

Joto la pwani yetu halipatani na mbatata; zile zinazokaangwa karai mjini Malindi hutoka bara. Mbatata yetu ni muhogo, na bakajani yetu ni michirizi ya kahawia. Maradhi hayo yalielezwa mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Chanzo chake ni virusi, navyo huchukuliwa na nzi weupe wadogo toka mmea hata mmea. Lakini mchukuzi wa mbali zaidi si nzi. Ni mkono wa binadamu, unaokata pingili za shina gonjwa na kumpelekea jirani kwa wema.

Hila ya maradhi haya ni kujificha. Batobato huyakunja majani hadharani, kila apitaye akaona. Michirizi ya kahawia yaweza kuuacha mti umesimama kwa fahari, majani ya chini tu yakiwa na umanjano kandokando ya mishipa, kumbe mizizi imeoza uozo mkavu. Mama hufukua akitumaini chakula cha watoto, akapata kitu kisicholika. Fadhila kubwa ya muhogo ni kungoja: shamba lake ni ghala, hufunguliwa siku ya njaa. Mkulima anayeogopa uozo hufukua mapema, na ghala hiyo imevunjika. Katika nchi ya mvua haba, hiyo si hasara ndogo.

Wako watakaonijibu kwamba udongo umechoka, au kwamba jicho la hasidi limepita. Udongo waweza kuchoka kweli, lakini udongo uliochoka hupunguza mazao. Hauchori kahawia ndani ya mzizi. Ama shutuma za uhasidi, kazi yake ni kuwagombanisha majirani wawili huku nzi akiruka baina ya mashamba yao.

Wengine watasema utafiti ni kazi ya wataalamu. Ni kweli, nao wameifanya. Wale wa Amani waliuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceará, wakapata machotara yenye kustahimili, na mmoja wao pwani yetu huuita Kaleso. Wale wa kituo cha Mtwapa wametoa aina kama Tajirika na Shibe. Lakini aina njema iliyobaki kituoni haimshibishi mtu, na utafiti ulioandikwa kwa Kiingereza tu ni kisima kisicho na ndoo. Lawama hii nawapa wasomi, simpi mkulima. Nani alimweleza? Nani alikwenda mpaka Bamba akapasua mzizi mbele yake?

Sisemi watu wauache Kibandameno waupendao kwa utamu wake. Nasema pingili zikatwe kwenye mashina ambayo mizizi yake imefukuliwa, ikapasuliwa, ikaonekana mizima. Mashina magonjwa yang'olewe. Wala pingili zisivuke mpaka wa kijiji bila kukaguliwa. Haya hayaondoi hatari yote, lakini huipunguza. Nayo hayadai fedha, yadai macho yaliyofundishwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi tumeyaficha ya muhogo kwa kuuonea haya. Basi wewe wa shule, urudipo nyumbani likizoni, chukua jembe na kisu, uwaombe wazee wako mfukue pamoja, uwaeleze kwa lugha yao ulichokisoma, nawe usikilize wanachokijua. Kama elimu yako yaona haya kushika mzizi wa muhogo, basi muhogo uliokulea umekusomesha bure.