TAARIFA KWA WANACHAMA: NENO "AU" LINALOFUNGUA REKODI ZA SIMU YAKO



Ukiuliza kama polisi lazima waende mahakamani kabla ya kuchukua rekodi za simu yako, utajibiwa kuwa sheria inakulinda. Haya, tuisome.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi na kuitaka dola iweke kisheria "hali, namna na kiasi" cha kuingilia faragha. Maneno mazuri. Sasa njoo kwenye Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 99: taarifa zisitolewe, isipokuwa zikihitajika na chombo cha dola, mahakama AU baraza la kisheria. Hiyo "au" ndiyo mlango. Polisi si lazima wapite kwa hakimu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, haikuona hata haya: amri ya kutoa data inatolewa na mkuu wa kituo cha polisi. Yaani anayechunguza ndiye anayejipa kibali!

Anapata nini? Bila kusikia neno lako hata moja, anajua umempigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, na simu ilishika mnara gani. Kwa mwenyekiti wa tawi, hiyo ni orodha ya watu wake wote na mahali wanapokutana.

Na mtu asituambie tunaota. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai ya mpelelezi wa zamani wa Millicom, mbele ya baraza la kazi London, kwamba Tigo iliipa serikali data za simu za Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia Septemba 7, 2017, alipopigwa risasi Dodoma. Ni madai, sawa. Swali letu ni moja: kama ni kweli, hakimu gani alisaini?

Marekani nako neno legevu, "zinazohusika", lilitumika kuzoa rekodi za mamilioni ya watu. Mwaka 2015 Bunge lao likalibana: itajwe namba, mtu au akaunti mahususi.

Sisi tunadai maneno manne tu, "kwa amri ya mahakama", na namba na tarehe zitajwe. Wanaosema wahalifu watatoroka, mahakama ipo hapa hapa mjini, dakika chache kwa bodaboda.

Anayekuja kuomba kura Babati Mjini aulizwe kuhusu kifungu cha 99, kwa namba yake. Akisema hakijui, msomeeni.

Katibu Mwenezi,
Tawi, Kata ya Bagara