Ufundi Nyumbani: Kwanza Sakafu, Kisha Mashine

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Methali hii hukumbukwa jikoni na shambani, lakini ni mara chache kukumbukwa gerejini, mahali ambapo haraka ya dakika tano yaweza kumwacha mke bila mume na watoto bila baba.

Katika miji ya Busia na Tororo gereji ya nyumbani si jambo geni. Barabara kuu zitokazo Mombasa kuelekea Kampala huvuka mpaka Busia na Malaba, na humo hupita malori ya mizigo pamoja na magari yaliyokwisha kutumika Japani, yakielekea kwa wanunuzi wa bara. Mahali penye magari mengi hapakosi kazi ya ufundi. Kwa hiyo si ajabu askari anayekaribia kustaafu, hasa aliyepata kufanya kazi katika karakana ya jeshi au ya polisi, akawaza kufungua gereji ndogo uani kwake. Wazo hilo ni jema. Kinachotakiwa ni mpango.

Achukuliwe, kwa mfano, sajini mmoja mstaafu wa polisi, mwenye nyumba nje kidogo ya mji wa Tororo, upande wa barabara ya Malaba. Uani ana banda la mabati la mita 4 kwa 6, lenye sakafu ya saruji iliyolainishwa hata inang'aa. Siku moja alisafiri Nairobi, na huko akaona mashine ya nguzo mbili ikinyanyua gari zima juu ya vichwa vya watu. Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua.

"Mama watoto," alimwambia mkewe, "nimeona dawa ya mgongo wangu. Hakuna tena kulala chini ya gari. Kiinua mgongo kikitoka mwezi ujao, naileta."

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage, hakubisha. Aliuliza swali moja tu. "Baba watoto, mashine hiyo itasimama juu ya nini?"

"Juu ya sakafu, mama. Sakafu si ipo?"

"Ipo, ndiyo. Lakini siku ilipomwagwa mimi ndiye niliyehesabu mifuko ya saruji. Ilikuwa mitano kwa banda zima."

Sajini alicheka. Hata hivyo, kesho yake alimwita fundi mzee wa jirani. Fundi alichukua mashine ya kutobolea, akatoboa tundu dogo mahali ambapo nguzo ya kwanza ingesimama. Baada ya kitambo kidogo ukatoka udongo mwekundu. Akaingiza kijiti, akakipima: sentimita 5.

"Afande," alisema kwa upole, "hii si sakafu. Hii ni shuka iliyotandikwa juu ya udongo."

Kisa hiki kinaonyesha kosa ambalo ni rahisi kulifanya. Mnunuzi huitazama mashine na rangi yake, huuliza bei, lakini hasahau tu kuuliza mashine itasimama juu ya nini; hata hajui kwamba ni swali la kuulizwa.

Namna mashine inavyofanya kazi

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba msukumo unaotiwa ndani ya kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza iliyofuata kanuni hiyo. Ilipofika mwaka 1925, Peter Lunati wa mji wa Memphis, Marekani, aliitumia kunyanyulia magari. Jeki ya chupa inayobebwa ndani ya gari nayo hufuata kanuni iyo hiyo. Pistoni ndogo yenye eneo la sentimita mraba 1 ikisukumwa kwa uzito wa kilo 10, basi pistoni kubwa yenye sentimita mraba 200 itaweza kunyanyua kilo 2,000.

Msomaji na azingatie jambo moja hapa. Mafuta yanaweza kuvuja. Mpira wa kuzibia ukichakaa au bomba likipasuka, mzigo hushuka, na haumpigii mtu hodi. Ndiyo maana mashine ya kweli huwa na makomeo ya chuma ndani ya nguzo zake. Gari likisha kupanda, hushushwa kidogo mpaka likae juu ya makomeo hayo. Kwa hiyo kila mwenye gereji na ajifunze maneno haya: mafuta hunyanyua, komeo hushikilia, sakafu hubeba. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havimsaidii mtu.

Kuchagua

Mashine ya nguzo mbili hushika gari kwa mikono minne chini ya chasisi na kuyaacha magurudumu yakining'inia. Inafaa sana kwa kazi ya breki, springi na giaboksi. Lakini nguzo zake hazisimami kwa uzito wake zenyewe. Husimama kwa sababu zimefungwa sakafuni kwa bolti. Gari likielemea mbele, nguzo huvutwa mbele, na bolti hutaka kung'oka. Mama abebaye mtungi kichwani hulijua jambo hili bila kufundishwa: mtungi ukikaa kando kidogo tu, shingo yote hupata taabu. Injini ya gari kwa kawaida iko mbele, basi hata uzito wa gari hauko katikati kabisa.

Mashine ya nguzo nne ni tofauti. Gari huendeshwa mpaka juu ya reli mbili na kukaa juu ya magurudumu yake. Hii husimama imara zaidi na haiisumbui sana sakafu, lakini huchukua nafasi kubwa, na kufungua magurudumu huhitaji jeki nyingine juu yake.

Uwezo wa mashine usipimwe kwa gari la leo. Gari dogo la saluni huwa na uzito wa tani 1 na kidogo. Basi dogo la abiria hukaribia tani 2. Gari kubwa la kupandia milima laweza kupita tani 2 na nusu kabla halijapakiwa kitu. Anayetarajia wateja wa kila namna atafute mashine ya tani 4, na asiipandishe kitu kinachopita kipimo kilichoandikwa kwenye kibao chake.

Paa nalo lipimwe. Mashine ikinyanyua gari mita 1.9, na gari lenyewe likiwa na kimo cha mita 2, basi mabati yanayopungua mita 4 kutoka sakafuni yatatobolewa siku ya kwanza.

Sakafu

Watengenezaji wengi wa mashine za nguzo mbili hutaka zege lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 au zaidi, na kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Kwa banda la sajini, unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 3.6 za zege. Kwa mchanganyiko wa ndoo 2 za saruji, ndoo 3 za mchanga na ndoo 6 za kokoto, kazi hiyo itakula karibu mifuko 29 ya kilo 50. Na ilinganishwe na ile mitano ya kwanza.

Saruji si bidhaa ya kutafutwa mbali. Tororo imekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950. Kinachopungua aghalabu ni subira. Udongo wa juu wenye mizizi na uondolewe, changarawe ishindiliwe, na nondo zifungwe. Maji ya kuchanganyia yasizidi, kwa maana zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini huwa dhaifu. Likisha kumwagwa lifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kila siku kwa muda wa juma moja au zaidi. Bolti za nguzo zisikazwe mpaka zege limetimiza siku 28. Aidha, nguzo isisimamishwe karibu na ufa wala ukingo.

Wengine husema, heri kuchimba shimo la gereji kuliko kununua mashine. Shimo ni rahisi, lakini lina hatari zake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kukaa humo ukingoja cheche. Moshi wa ekzosi hujaa humo na kumlevya mtu kabla hajatambua. Sehemu za mabondeni, mvua za Machi hadi Mei huligeuza shimo kuwa kisima. Mwenye shimo na alifunike kwa mbao nene kila kazi inapokwisha, kwa sababu uani kuna watoto.

Umeme na mpaka

Mota ya mashine ya namna hii huwa na nguvu ya kilowati 2 na kidogo, na inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida. Haifai kabisa kuichomeka kwenye tundu moja na jokofu. Iwe na waya wake, swichi inayojikata yenyewe, na waya wa ardhi. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye kibali, ambacho upande wa Uganda hutolewa na mamlaka ya kudhibiti umeme, na upande wa Kenya na mamlaka ya nishati na petroli.

Anayenunua Nairobi kwa matumizi ya Uganda akumbuke pia forodha. Utaratibu rahisi wa biashara ndogondogo mpakani ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000. Mashine iliyotengenezwa ng'ambo haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala ghalani Nairobi. Ushuru na uhesabiwe katika bei tangu mwanzo, na hati zipitishwe kwa wakala anayetambuliwa. Njia ya panya humgharimu mstaafu heshima yake, na yaweza kumgharimu mashine yenyewe.

Kutumia

Mashine ikisha kufungwa, ipandishwe kwanza ikiwa tupu, na kila komeo lisikilizwe. Gari la kwanza linyanyuliwe sentimita 15 tu, kisha litikiswe kwa mikono. Likitulia, lipandishwe. Bolti zikaguliwe na kukazwa tena kama kitabu kinavyoagiza.

Kwa yule ambaye fedha yake haijafikia mashine, ipo njia ya heshima: jeki nzuri na stendi nne za chuma. Gari lisimame mahali sawa, breki ya mkono ivutwe, kabari ziwekwe kwenye magurudumu yatakayobaki chini, nati zilegezwe kabla ya kunyanyua, kisha gari likalishwe juu ya stendi. Matofali na bloku yasitumike kamwe. Bloku hubeba vizuri hadi dakika ile linapopasuka, na halipasuki nusu. Hakuna mtu, awe fundi au turniboi, aingize hata kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sajini naye alifanyaje? Usiku ule hakula sana. Si rahisi kwa mtu aliyezoea kutoa amri kuambiwa kwamba alikuwa karibu kuzika kiinua mgongo chake, na pengine kijana wa watu, chini ya sakafu ya sentimita 5. Kulipopambazuka alichukua daftari la mwanawe, akapiga mistari miwili. Upande mmoja aliandika sakafu, stendi nne, jeki ya tani 3 na waya wa umeme. Upande wa pili aliandika mashine, na pembeni yake: mwakani, kwa fedha ya kazi.

"Mama watoto," aliita, "njoo uhesabu mifuko."

Mkewe aliketi ukingoni mwa ngazi siku nzima ya kumwaga zege, kalamu mkononi. Ilitimia 29, na hakuna hata mmoja uliokwenda kwa jirani.

Familia yenye gereji, au inayoiwazia, na iige mwenendo huo. Kabla ya kutoa senti, tundu moja litobolewe sakafuni na kijiti kiingizwe. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Fundi akiona aibu kuuliza sakafu ina unene gani, mwenye nyumba na amwulize mkewe, kwa kuwa yaelekea yeye ndiye aliyehesabu mifuko.